Kampuni Kubwa na Mazingira: Dhana Ninazokutana Nazo Tabora

Kampuni inayoniita Tabora kuikagulia mazingira hunionyesha kwanza paneli za sola juu ya paa la ofisi, kisha taa zinazojizima zenyewe, kisha mapipa ya taka yenye rangi tofauti. Maonyesho hayo huzaliwa na dhana ambayo nimechoka kuisikia, kwamba madhara ya kampuni kwa mazingira huanzia na kuishia ndani ya uzio wake.

Kwa kampuni inayonunua tumbaku, madhara makubwa hutokea mahali ambapo haina hata mlinzi. Mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia), uitwao GHG Protocol, una mafungu matatu: mafuta ambayo kampuni inayachoma yenyewe, umeme inaoununua, na fungu la tatu, ambalo kanuni zake za mwaka 2011 zililigawa katika vipengele 15, linalohusu yote yatokeayo kabla mali haijaifikia kampuni na baada ya kutoka mikononi mwake. Mameneja hujaza mafungu mawili ya mwanzo kwa uangalifu mkubwa na la tatu huliacha tupu, wakidai kwamba wakulima si waajiriwa wao. Ni kweli, si waajiriwa. Lakini nani anayewapa mkataba, na nani anayeamua atanunua jani la namna gani?

Tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo, Kaliua na Sikonge hukaushwa kwa kuni. Jani hutundikwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, moto huwashwa tanuruni, na mabomba husambaza joto kwa takriban wiki nzima, likipandishwa polepole kutoka nyuzi 35 hivi hadi kukaribia 70, mpaka vikonyo vikauke. Sehemu kubwa ya kuni hizo hukatwa katika misitu ya miombo, ileile inayowalisha nyuki wa asali tunayojivunia. Katika bani la udongo lenye nyufa, ukipitisha kiganja ukutani utahisi joto likitoka nje, na kila linalotoka hulipiwa kwa gogo jingine. Kuni mbichi nazo, ambazo karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, hupoteza sehemu ya moto kwa kujikausha zenyewe.

Ndiyo maana ushauri wangu, ambao wateja wameshauchoka, ni kwamba kabla ya kununua paneli nyingine, pimeni kuni. Zipangwe, zipimwe kwa mita za ujazo, kisha kiasi hicho kigawanywe kwa kilo za tumbaku kavu iliyotoka. Hesabu hiyo, ikifanywa bani kwa bani, itaonyesha nani anahitaji bani jipya linalobana matumizi ya kuni, nani azibe nyufa tu, na nani akate kuni mapema ili azianike. Afisa ugani anayepita kila kijiji anaweza kuifanya.

Wanaojibu kwamba wamepanda miti hunitajia idadi ya miche iliyogawiwa, wakati ninachouliza ni mingapi imevuka kiangazi cha pili. Mikaratusi iliyotunzwa ni kuni nzuri, na ni heri ikatwe hiyo kuliko miombo, lakini shamba la mikaratusi halirudishi msitu uliokwisha kufyekwa.

Cheti cha ISO 14001 kinathibitisha kwamba kampuni ina mfumo wa kusimamia mazingira. Hakiweki kiwango cha moshi wala cha kuni.

Wapo pia wanaoamini kwamba suala la plastiki lilikwisha mifuko ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kichungi cha sigara kwa kawaida hutengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo ni plastiki, na kipisi kinapotupwa mtaroni bado ni sehemu ya maisha ya bidhaa hiyo.

Kampuni za huduma hudhani haya hayazihusu kwa sababu haziuzi kitu kinachoshikika. Mnara wa simu uliosimikwa mbali na gridi na kuendeshwa kwa jenereta ya dizeli unazihusu. Benki nayo, badala ya kujisifu kwamba imepunguza karatasi, ifungue daftari la mikopo iangalie imemkopesha nani na fedha hizo zinaendesha nini, kwa sababu uwekezaji ni kipengele cha 15 cha lile fungu la tatu.