Picha Safi Haitibu Kizunguzungu: Dhana Potofu Kuhusu Utafiti wa VR na AR

Kila msimu wa maandiko ya miradi ukifika, meza yangu hapa Mbeya hujaa karatasi zinazofanana, nyingi kuhusu VR, yaani ulimwengu wa kompyuta unaouona kwa kuvaa miwani. "Mwalimu, nataka kufanya utafiti wa VR. Nitatengeneza nguzo za mawe za Isimila, kule Iringa, zionekane kama halisi kabisa." Nikiuliza utafiti wenyewe uko wapi, kijana ananishangaa: si hizo picha? Hili nimelijibu mara nyingi mno. Safari hii naliandika, atakayekuja aje akiwa ameshalisoma.

"Kazi ya mtafiti wa VR ni kutengeneza picha nzuri"

Kuchora nguzo za Isimila ni kazi ya heshima, na wapo vijana wanaoifanya vizuri kuliko mimi. Lakini hiyo ni kazi ya msanii. Swali la mtafiti ni jingine: kwa nini ubongo wa mtu unakubali, au unakataa, kwamba kitu kile kipo mbele yake?

Mwaka 1968, kule Marekani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walionyesha miwani iliyobadilisha picha kufuata kichwa cha mvaaji. Ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini. Ndani hapakuwa na rangi wala vivuli, mistari tu inayong'aa, kwa mfano kiunzi cha mchemraba kikielea hewani. Sutherland mwenyewe aliandika kwamba kumpa kila jicho picha yake kuna umuhimu, ila jambo kubwa zaidi ni picha kubadilika pale mtu anaposogeza kichwa. Mistari mitupu inayofuata kichwa inashawishi kuliko picha tamu inayochechemea.

Fanya hesabu. Mtu aliyeitwa kwa nyuma anaweza kugeuza kichwa kwa kasi ya nyuzi 100 kwa sekunde bila hata kuharakisha. Picha ikichelewa milisekunde 50, ulimwengu wa ndani ya miwani unabaki nyuma kwa nyuzi 5. Mwezi mpevu ukiutazama angani una upana wa takriban nusu nyuzi, kwa hiyo kila anachokiona kimeteleza kiasi cha miezi kumi ukiipanga. Sikio la ndani linasema kichwa kimeshafika, macho yanasema bado. Tumbo ndilo linalolipa.

Mliowahi kupanda mlima Kitonga kwa basi mnalijua hili. Aliyeinamia simu yake anaomba mfuko, dereva wala hajali, na kona ni zilezile. Dereva anaiona kona kabla mwili haujaihisi, na usukani ni wake. Ndani ya VR pia, anayejiendesha mwenyewe kwa kawaida hupata shida kidogo kuliko anayeendeshwa.

Ndiyo maana nakereka nikisikia wanaotapika wakiitwa washamba. Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, utamkuta kijana anamvisha mama wa watu miwani, mama anaivua ameshika kichwa, na kijana anacheka: "Mama, utazoea tu." Azoee nini? Umbali kati ya mboni za macho kwa watu wazima unaanzia karibu milimita 50 na kufika hadi 75, na miwani nyingi za bei rahisi zina lenzi zisizosogezeka. Huenda lenzi hazikukaa mbele ya macho yake hata kidogo. Huenda pia simu iliyomo ndani ilikuwa imechoka kwa picha nzito alizozijaza kijana huyohuyo.

Hapo ndipo picha nzuri inapogeuka adui. Kioo kinachobadilisha picha mara 90 kwa sekunde kinakupa takriban milisekunde 11 kwa kila fremu. Kuanzia kichwa kinaposogea hadi mwanga mpya kufika jichoni, lengo linalotajwa sana ni chini ya milisekunde 20. Ndani ya muda huo unasoma vihisi, unakokotoa kichwa kiko wapi, unachora, unapeleka kwenye kioo. Ukijaza vipembetatu milioni, vile ambavyo kompyuta huvitumia kujenga umbo, kwenye nguzo moja ya Isimila, muda umekwisha. Watafiti wakaja na mbinu: kutabiri kichwa kitakuwa wapi baada ya muda mfupi, kwa kichujio cha Kalman (hesabu ya kukadiria mwendo kutoka vipimo vyenye makosa) na jamaa zake, kisha kuizungusha picha iliyokwisha kuchorwa dakika ya mwisho kulingana na usomaji mpya wa vihisi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayojenga jina la mtafiti.

Kwenye AR, yaani picha za kompyuta zinazowekwa juu ya dunia halisi unayoiona, mambo ni magumu zaidi, hasa kwa miwani ya kioo kinachopitisha mwanga, maana dunia halisi haisubiri. Kosa la nyuzi 2 linasogeza alama yako sentimita 35 kwenye kitu kilicho mita 10 mbele. Kundi la Henry Fuchs, Chuo Kikuu cha North Carolina, lilionyesha mwaka 1992 picha ya ultrasaundi ikionekana juu ya tumbo la mjamzito kupitia miwani. Wazo lilikuwa zuri, lakini uchelewaji na kutokaa sawa kwa picha ndivyo vilivyowasumbua, na bado vinatusumbua.

Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wameshauchoka: vekta, matriksi, kwatanioni (namba za kueleza mzunguko), takwimu. Programu ya kuchora itafuata. Na ukimvisha mtu miwani, mpe hojaji ya Kennedy na wenzake ya 1993 ya kupima kizunguzungu na kichefuchefu, yenye dalili 16, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 3. "Walifurahi sana" si matokeo.

"Bila miwani ya mamilioni hakuna utafiti"

Mwaka 1999 Hirokazu Kato na Mark Billinghurst walionyesha mfumo wa AR unaotambua mraba mweusi uliochapishwa kwenye karatasi ili kujua pa kuiweka picha. Karatasi ya aina hiyo utaitoa steshenari yoyote ya Mwanjelwa. Mwaka 2007 Georg Klein na David Murray wa Oxford walifuatilia mazingira bila karatasi yoyote, kwa kamera moja ya mkononi na kompyuta. Kinachohitajika kweli ni simu yenye jairoskopu, kihisi cha kupima mzunguko, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Hakikisha kabla hujalipa, usije kunililia baadaye.

"Ni mambo ya magemu"

Wazazi hupenda hii. Tom Caudell na David Mizell, walioandika kuhusu AR mwaka 1992, walikuwa Boeing wakitafuta njia ya kuwasaidia mafundi wa ndege. Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington alitumia VR kupunguza maumivu ya walioungua wakati wa kusafishwa vidonda. Mzazi, mwache mtoto asome hesabu.

"Hakuna aliyewahi kufanya hili"

Soma mapitio ya Ronald Azuma ya 1997 kuhusu tafiti za AR kwanza. Kisha tuongee.

"Sisi huku tusubiri wakubwa wamalize"

Wakubwa wa ng'ambo nao wana tatizo lao: wanapima watu walio karibu nao. Tafiti nyingi za fani hii zimetegemea wanafunzi wa vyuo, vijana, mara nyingi wanaume. Mama mwenye kilemba, binti mwenye misuko minene ambayo mkanda wa miwani hauikubali, mzee wa Uyole ambaye hajawahi kushika rimoti ya gemu: hao mnao ninyi, wahakiki wa makala kule ng'ambo hawanao. Anzeni na umbali kati ya mboni. Mpimwaji anatazama mbali, wewe unashika rula ya milimita. Rula mnayo.