Mchezaji, shirika lake la hisani na ile hela ya jina

Msimu wa kuchangia ukianza tu hapa Marekani simu ofisini hazipoi, mtu anasema fulani ni staa wa mpira, ana shirika la hisani, mbona ananunua nyumba, mkamateni. Sisi ni washauri wa hesabu za mashirika, hatukamati mtu, na sio IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Nikiuliza umesoma fomu 990 ya hilo shirika, ile ripoti ya kila mwaka ya hesabu zake inayopelekwa IRS? Kimya.

Chukueni Lance Armstrong, yule wa baiskeli. Shirika alianzisha 1997 baada ya kuugua saratani, 2004 wakaja na Nike na ile bangili ya njano ya dola moja yenye neno Livestrong, zikauzwa zaidi ya milioni 80, hadi jina Livestrong lenyewe likawa mali. Sasa 2008 hilo jina likapewa leseni kwa kampuni ya Demand Media ikafungua Livestrong.com, tovuti ya biashara, kalori, mazoezi, matangazo kibao. Shirika likapata hisa, sawa, lakini na Armstrong mwenyewe naye akapata hisa. Ya hisani ilikuwa Livestrong.org. Hebu fikiria mtu ana mgonjwa ndani, usiku, anaandika jina kwenye simu anaangukia tangazo la kupunguza kitambi, anadhani yuko kwa wale wa bangili.

Nieleweke, sisemi sheria ilivunjwa hapo. Shirika kuuza leseni ya jina inaruhusiwa, na mwanzilishi kulipwa pia inaruhusiwa, hili watu hawataki kabisa kulisikia, eti hisani maana yake kila mtu afanye bure! Swali ni jina ni la nani, na aliyelipwa alitoa kitu gani chenye thamani hiyo.

Aliyelipwa akizidishiwa, na ana sauti kwenye shirika au alikuwa nayo ndani ya miaka 5 kabla ya dili, anarudisha ile ziada na riba, juu yake kodi ya adhabu asilimia 25 ya hiyo ziada, asiporekebisha kwa muda wake inaongezwa nyingine ya asilimia 200. Viongozi waliopitisha huku wanajua, asilimia 10, mwisho dola 20,000 kwa kila muamala. Ndio maana bodi tunaziambia kila siku, mwenye maslahi atoke chumbani, tafuteni bei za dili zinazofanana, na andikeni muhtasari mapema sio mwaka kesho mkaguzi akibisha hodi. Bodi ikiwa ni shemeji, wakala wake na rafiki wa utotoni, nani atamwambia atoke?

Fomu 990 ni haki yako kuiona, za miaka 3 ya mwisho, ukienda mwenyewe ofisini kwao wanakupa siku hiyo hiyo, ukiandika barua wana siku 30. Usihangaike na picha za watoto za kwenye ripoti, nenda jedwali L, ndipo miamala na watu wa ndani inapoandikwa.

Ukiona bado kuna walakini jaza fomu 13909, ile ya malalamiko dhidi ya shirika, utume IRS, ambatanisha karatasi, sio skrinishoti ya gari lake. Watakutumia barua kwamba wamepokea. Matokeo hawakwambii, habari za kodi ni siri kisheria, kwa hiyo kutupigia sisi kila Jumatatu kuuliza kesi imefika wapi hakusaidii kitu.