Fedha za mstaafu Thailand hazifunguliwi na muhuri

Miongoni mwa wageni waliostaafia Thailand kuna imani ya siku nyingi kwamba baht 800,000 (baht ni sarafu ya Thailand) zinahitajika benki hadi pasipoti igongwe muhuri wa kibali cha mwaka mmoja cha kuishi nchini kama mstaafu tu, na kwamba kesho yake mtu anaweza kuzitoa zote. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, kwa kuwa kabla ya mwaka 2019 kanuni iliangalia zaidi miezi iliyotangulia maombi. Tangu Machi 2019, anayetumia njia ya akiba anatakiwa kuwa na kiasi hicho kamili miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha salio lisishuke chini ya baht 400,000 kwa muda uliobaki wa mwaka wa kibali. Kwa hiyo kitabu cha benki kinachoonyesha salio la baht 390,000 mwezi wa saba baada ya kukubaliwa, hata kwa siku moja, kinaweza kukwamisha maombi yanayofuata.

Asiyependa kufungia fedha zake hivyo (na ni nani apendaye?) anaweza kuthibitisha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi.