Simba mwenye pua ya waridi hapigwi

Fuvu la simba aliyepigwa risasi na wawindaji likiletwa mezani kwangu kukaguliwa umri, siulizi kwanza lina urefu gani. Nauliza kama kuna picha ya pua.

Simba kijana ana pua ya waridi. Madoa meusi hujitokeza kidogo kidogo, kama wino uliodondoka, na akifika miaka mitano hivi karibu nusu ya pua imeshakuwa nyeusi. Mwaka 2004 kina Craig Packer, watafiti waliofuatilia simba wa Serengeti miaka na miaka, walionyesha kuwa umri wa madume ukizingatiwa, hata ukubwa wa mgawo, yaani idadi ya simba wanaoruhusiwa kuwindwa, haubabaishi sana. Kanuni yetu Tanzania inataka dume awe ametimiza miaka sita.

Kwa nini sita? Wengi hudhani ukipiga simba mmoja umepunguza mmoja. Thubutu! Dume mwenye kundi akifa, wageni huingia, na kazi yao ya kwanza ni kuua watoto wadogo ili majike wawe tayari kupandwa tena upesi. Jike hubeba mimba siku 110 hivi, halafu watoto humtegemea hadi wakaribie miaka miwili. Kwa hiyo dume aliyetwaa kundi akiwa na miaka minne, ukimpiga mwaka huohuo, umeua na wanawe ambao hata hukuwaona. Mwache afike sita, angalau uzao mmoja umeshajitegemea.

(Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977. Ubishi wa kama uwindaji ufungwe au la siuingii leo.)

Kumjua huyo wa miaka sita porini ndiyo shughuli. Mguu wa nyati umening'inizwa mtini kama chambo, nyinyi mmejibanza kwenye kibanda cha majani, alfajiri, mwanga hafifu, na simba kainamisha kichwa anakula. Wengi hukimbilia manyoya ya shingo. Manyoya ni mwongo mkubwa: dume wa Selous, pori la kusini mwa Tanzania, kwenye joto lile, anaweza kuzeeka nayo haba tu, na kijana wa nyanda za juu za baridi akaonekana mfalme. Mimi nasema tazama pua, tazama makovu usoni, na ukiwa na shaka rudi kambini ukanywe chai.

Msimu mmoja niliwahi kuletewa fuvu ambalo eksirei ya jino ilionyesha tundu la ndani bado pana. Jino la mzee tundu lake huwa limeziba likabaki uzi. Huyu sikumpa zaidi ya miaka minne. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, akaapa kwamba manyoya yalikuwa meusi tii. Nikamfungulia picha ya kamera waliyoifunga wenyewe kwenye mti wa chambo usiku wa kuamkia siku ile: pua ya waridi kama ulimi.

Akaitazama, akavua kofia.

"Mzee," akasema, "safari ni ya siku 21, na mteja alikuwa amebakiza mbili."