Je, wajua kwa nini goti la kulia na la kushoto hayatumii kodi (code) moja hospitali?

Ushawahi kuona karatasi ya hospitali au ya bima imeandikwa kitu kama M25.561 ukabaki unajiuliza hii ni namba ya dawa au ya nini? Hiyo ni kodi ya ugonjwa, yaani alama ya herufi na namba inayosimama badala ya jina la ugonjwa, inatoka kwenye mfumo unaoitwa ICD ambao unasimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), na hiyo M25.561 maana yake ni maumivu ya goti la kulia. La kushoto ni M25.562. Na daktari asipoandika ni goti lipi inakuwa M25.569, yaani goti lisilotajwa upande, na hiyo ukiniuliza mimi ni kodi ya aibu, maana mgonjwa alikuwa amekaa hapo hapo na magoti yake yote mawili, kumuuliza ni sekunde tu.

Ukiisoma herufi kwa herufi haina uchawi wowote. M ni sura ya magonjwa ya misuli, mifupa na viungo, M25 ni kundi la matatizo ya viungo yaliyokosa kundi lao, 5 ni maumivu, 6 ni goti (nyonga ni 5, kifundo cha mguu ni 7), halafu ile ya mwisho ndo upande. Anayeumwa magoti yote mawili anaandikiwa kodi zote mbili. Ila ukija kwenye magoti kusagika, ile osteoathraitisi, kodi ya yote mawili kwa pamoja ipo, M17.0, afu M17.11 ni ya kulia na M17.12 ya kushoto. Kwa nini huku ipo na kule hamna, usiumize kichwa kutafuta mantiki.

Sasa huu ukali wa kulia na kushoto ni wa toleo la Marekani, linaitwa ICD-10-CM, walianza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Kabla ya hapo walikuwa na ICD-9, goti likiuma ni 719.46 basi, na hiyo namba ilikuwa ya goti na mguu wa chini kwa pamoja, upande hakuna aliyeuliza. ICD-10 yenyewe ya WHO inaishia M25.5, maumivu ya kiungo, ukitaka kuongeza sehemu ya mwili ni hiari yako. Na inaeleweka, kwa sababu chanzo cha huu mfumo ni orodha ya sababu za vifo iliyotolewa mwaka 1893 na Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, na nani anakufa kwa goti? Magonjwa ya watu walio hai yaliingizwa rasmi WHO walipochukua usukani mwaka 1948. Baadaye bima nazo zikaanza kulipa kwa kuangalia kodi, hapo ndo upande ukawa pesa: daktari kamchoma mgonjwa sindano goti la kushoto, huduma imeandikwa kushoto, ugonjwa umeandikwa M25.561, madai yanarudishwa.

Lakini kazi kubwa iko kwenye maelezo ya daktari, kodi inakuja baadaye. Anayeweka kodi mara nyingi hajamuona mgonjwa kabisa, anasoma faili tu, na haruhusiwi kubahatisha. Chukua faili limeandikwa hivi: "Maumivu ya goti wiki 3. Apewe dawa, arudi baada ya wiki 2." Utaweka nini hapo zaidi ya M25.569? Sasa soma hili: "Goti la kushoto linauma wiki 3, hakuanguka wala kugongwa, linakaza asubuhi kama dakika 10, maumivu yanazidi akishuka ngazi, likikunjwa linakwaruza, halina joto. Eksirei: nafasi kati ya mifupa imepungua upande wa ndani." Mtu anayeyajua magoti ameshaona kusagika hapo, lakini anayeweka kodi bado hana ruhusa ya kuandika M17.12! Mpaka daktari mwenyewe aandike jina la ugonjwa. Asipoliandika, maelezo yote yale matamu yanaishia M25.562, maumivu tu. Na kama kusagika kumetokana na jeraha la zamani lazima aseme pia, maana hapo kodi inahama inakuwa M17.32.

Jina la ugonjwa likishaandikwa, kodi ya maumivu inatoka. Maumivu ni dalili ya kawaida ya goti lililosagika, kwa hiyo kuandika M17.12 na M25.562 kwa goti lile lile ni kurudia kitu kimoja mara mbili, na hili kosa liko kila mahali.

Hii nyingine ndo inachekesha. Kwa sheria za Marekani, mgonjwa wa nje ambaye daktari kaandika "inawezekana meniska imechanika" (meniska ni gegedu lililo kati ya mifupa ya goti), ile "inawezekana" inafuta kila kitu, unaweka kodi ya dalili peke yake. Mgonjwa aliyelazwa, akiruhusiwa kurudi nyumbani na faili bado linasema "inawezekana", hospitali inaruhusiwa kuweka kodi kana kwamba ugonjwa upo kweli. Goti lile lile, neno lile lile, tofauti ni kitanda.

Kama goti limeumizwa tunaondoka kwenye M tunaenda kwenye S, sura ya majeraha. Kano ya mbele ndani ya goti la kulia ikipata jeraha ni S83.511A, na hiyo A ya mwisho watu wengi wanadhani ni ziara ya kwanza, kumbe ni matibabu yenyewe bado yanaendelea, hata iwe ziara ya tatu kwa daktari mwingine. Akiingia kwenye kupona na kufuatiliwa inakuwa D, na madhara yanayobaki baadaye ni S hapo hapo mwishoni. Unaweza pia kuongeza kodi ya kilichosababisha, na humo ndo kuna vituko, mfano W61.62 ni ya mtu aliyegongwa na bata. Sitanii.

ICD-11, toleo jipya la WHO lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeenda njia nyingine. Maumivu ya kiungo ni ME82, kusagika kwa goti ni FA01, na upande unaunganishwa kama kodi ya nyongeza badala ya kutengenezewa namba yake.

Na mtu akishabadilishiwa goti la kulia akawekewa la bandia, M17.11 inafutwa, maana goti lililosagika halipo tena, anabaki na Z96.651, yaani ana goti bandia la kulia. Likiendelea kuuma na daktari akaandika kwamba kinachouma ni hicho kifaa, inaingia T84.84, na hapo sasa ile Z inasimama pembeni yake kwa kazi moja tu, kusema ni goti na ni la kulia, kwa sababu T84.84 yenyewe haijui.