Heme: chuma ambacho bakteria hukiwinda ndani ya damu

Heme ni molekuli bapa yenye umbo la pete, na katikati ya pete hiyo imekaa atomu moja ya madini ya chuma. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Kila hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, ina heme nne. Karibu theluthi mbili ya chuma chote cha mwili wa binadamu kimo humo.

Bakteria karibu wote wa magonjwa wanahitaji chuma ili wazaliane. Mtu angedhani wakishaingia kwenye damu wamefika penye neema. Wapi! Chuma kilicho huru humo ni kidogo mno, kwa kuwa transferini, protini ya damu, hukikamata papo hapo. Heme nayo inalindwa: seli nyekundu ikipasuka, protini nyingine, haptoglobini, huidaka hemoglobini iliyomwagika, na heme ikichomoka hudakwa na protini ya hemopeksini. Ulinzi huu huitwa kinga ya lishe, kwamba mwili unamnyima adui chakula.

Basi inabidi wanyang'anye. Anayefahamika vizuri zaidi kwa wizi huu ni Staphylococcus aureus, yule wa majipu, ambaye pia husababisha maambukizi hatari ya damu. Kwanza hutoa sumu zinazotoboa seli nyekundu. Hemoglobini ikishamwagika, protini zilizoko juu ya ukuta wake, IsdB na IsdH, huinasa na kuichomoa heme. Kuanzia hapo heme hupokezwa kama ndoo ya maji kwenye msururu wa watu wanaozima moto: IsdA, IsdC, hadi IsdE kwenye utando, ulipo mlango wa kuingilia. Ndani, vimeng'enya IsdG na IsdI huikata pete, chuma kikatoka. Tena bakteria huyu anachagua: IsdB hushika hemoglobini ya binadamu vizuri kuliko ya panya, jambo la kukumbukwa unaposoma matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa panya.

Wengine wana mbinu zao. Pseudomonas aeruginosa hutuma nje protini iitwayo HasA, ambayo huipokonya hemoglobini heme na kuirudisha kwa mwenyewe. Porphyromonas gingivalis, wa ugonjwa wa fizi, huikatakata hemoglobini yenyewe.

Haemophilus influenzae hana ujanja wa kujitengenezea heme, kwa hiyo maabara humwotesha kwenye "agari ya chokoleti". Hakuna chokoleti yoyote humo. Ni jeli ya kuoteshea bakteria, iliyotiwa damu iliyopashwa moto hadi seli zikapasuka na rangi ikawa ya kahawia. Kinyume chake ni Borrelia burgdorferi, wa ugonjwa wa Lyme, anayeishi bila kuhitaji chuma na kutumia madini ya manganizi badala yake.

Ila heme ikizidi ni sumu hata kwa bakteria. Staphylococcus aureus ana pampu, HrtAB, inayomkinga isimdhuru. Watafiti nao wameuona mwanya kwenye uroho huu: wanatengeneza pete zinazofanana na heme, zenye galiamu, metali nyingine, pale pa chuma. Bakteria huzipokea kwa mlango uleule wa heme, lakini galiamu haiwezi kufanya kazi ya chuma, na ukuaji wake hukwama.