Stelingi ya kubadilisha kwenye gari ya zamani: tunayoambiwa na ukweli wake

Wenye magari ya zamani hapa Dodoma mnalijua hili, gari inashinda juani kule Mtumba au pale Majengo toka saa mbili asubuhi, ukija kuondoka saa tisa mchana stelingi haishikiki mpaka uweke kitambaa. Ikipigwa hivyo miaka na miaka ule mpira wake unachoka, unaanza kunata, halafu unabanduka vipande vipande. Yangu ilifika hatua nikivaa shati jeupe Jumapili, nikifika kanisani nina alama nyeusi kwenye mkono wa shati na viganja kama nimetoka kupakia mkaa. Ni Vitz ya 2001, ile ya cc 997, gari ninayoipenda, imenipeleka Singida na Kondoa mara nyingi tu bila kunilaza njiani. Basi nikaamua kubadilisha stelingi, na hapo ndio nikakutana na maneno ambayo kila mtu anakwambia kwa uhakika kabisa, na mengi sio kweli. Nayaandika kwa sababu mimi yameniumiza na najua kuna mtu wiki hii anaenda kuambiwa yale yale.

"Toyota zote stelingi zinaingiliana"

Hii ndio kubwa kuliko zote na ina ukweli nusu, ndio maana inaingia kirahisi. Toyota nyingi ndogo za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 shafti ya stelingi ina meno 36 yanayofanana, kwa hiyo ukichukua stelingi ya Corolla ukaichomeka kwenye Vitz inaweza kabisa kukaa na nati ikafunga, na muuza spea akiona imekaa anakwambia si unaona mwenyewe. Sasa kukaa kwenye shafti ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo lingine. Nyuma ya stelingi kuna kiboksi cha plastiki cha duara, ndani yake kuna utepe wa nyaya umejiviringisha, mafundi wanaita kloki springi, huo ndio unapeleka umeme wa honi na wa eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) wakati stelingi inazunguka. Soketi zake, vipini vinavyoshikana na mgongo wa stelingi, idadi ya nyaya, vyote vinatofautiana gari na gari. Na eabegi zenyewe kuna zenye kiwashio kimoja na kuna zenye viwili, huwezi kuchanganya. Ukilazimisha utapata honi isiyolia, indiketa isiyojirudisha yenyewe ukishakata kona, au taa ya eabegi inayowaka muda wote.

Mimi nililetewa kwa basi kutoka Dar, stelingi nzuri ya mikono mitatu, elfu themanini, naambiwa imetoka kwenye gari iliyochinjwa na kila kitu kipo. Fundi akaifunga ndani ya saa moja, honi inalia, taa imezima, nikalipa, na ile yangu ya zamani nikamwachia pamoja na eabegi yake maana nilijua naacha takataka.

Miezi minne baadaye honi ikawa inakatakata, nikaenda kwa fundi umeme mwingine upande wa Kizota. Kijana mtaratibu sana, akachomoa betri kwanza, akaniambia kaka tusubiri kidogo, ndipo akafungua zile skrubu mbili za pembeni na akavuta kile kifuniko cha katikati. Akakaa kimya. Akanigeuzia. Ndani palikuwa na sponji imefungwa selotepu nyeusi, na kwenye soketi ya njano kimechomelewa kidubwana kidogo cha rangirangi, rizista, kile cha kukinza umeme, urefu wake hauzidi punje ya mchele. Ndio ilikuwa eabegi yangu. Miezi minne nimeenda Babati na kurudi na mke wangu na mtoto, mbele yangu kuna sponji.

Kwa hiyo nikaja kwenye dhana ya pili ambayo inatembea na hiyo ya kwanza, kwamba taa ikizima basi eabegi iko poa. Hapana. Kompyuta ya eabegi haioni mfuko wala haijui kama upo, inachopima ni ukinzani wa umeme kwenye ile njia, ikikuta ukinzani inaoutarajia inaridhika na kuzima taa. Rizista ya bei ya karanga inatosha kuidanganya. Kwenye Toyota za namna hii ukiwasha swichi taa ya eabegi inatakiwa iwake kama sekunde 6 halafu izime. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, hilo ni baya zaidi maana kuna mtu ametoa balbu au amekata waya. Ikizima sawasawa na taa ya oili kila unapopiga gari stata, hapo pia shtuka, kuna uwezekano mkubwa nyaya zimeunganishwa ili ikudanganye. Lakini rizista huwezi kuijua kwa taa, ile mpaka pafunguliwe. Eabegi halisi ukiigeuza mgongo ina kopo la chuma, ina lebo na namba, na mkononi ni nzito, hailingani kabisa na kifuniko kitupu.

Kufungua kwenyewe sio kazi ya kujaribu. Betri itolewe teminali ya hasi, msubiri angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya eabegi inatunza umeme wa akiba ili hata betri ikikatika kwenye ajali mfuko ufumuke. Skrubu za pembeni kwenye Toyota nyingi ni za kichwa cha nyota, T30. Eabegi ikitoka inalazwa chali, upande wa kifuniko ukiangalia juu. Na fundi akitaka kuipima kwa mita ile eabegi yenyewe mkatalie palepale, umeme mdogo wa mita unaweza kuifumua, na inafumuka haraka kuliko unavyopepesa jicho.

"Eabegi ya mtumba ni ileile tu, haijatumika"

Haijatumika kweli, lakini imezeeka. Ndani kuna kemikali ya kutengeneza gesi na kuna waliokuwa wanatumia amoniamu naitreti, ni kampuni ya Japani inaitwa Takata, iliyouza eabegi kwa Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine wengi. Kemikali ile ikikaa miaka kwenye joto na unyevu, ikipata joto mchana na baridi usiku, inachoka, na siku ikiwashwa inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kupasua lile kopo la chuma, vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa kwa hilo nchi mbalimbali, Marekani peke yake ziliitwa zirudishwe zaidi ya milioni 60, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Sasa fikiria gari imeishi pwani na unyevu wake miaka kumi na tano, ikachinjwa, eabegi ikakaa stoo ya bati, halafu ije kufungwa kwenye gari yako hapa Dodoma inayoiva juani kila siku. Sisemi kila ya mtumba ni mbovu. Nasema hakuna gereji hapa inayoweza kuipima ikakwambia nzima, kwa hiyo kitu pekee ulichonacho ni kujua imetoka gari gani, namba gani, na gari hiyo iliishije.

Na hapa ndio lile ninalotaka msikie kuliko yote: ukibadilisha stelingi sio lazima ubadilishe eabegi. Kama mduara ndio umebanduka, tafuta mduara peke yake wa gari yenye namba ya modeli ileile (yangu ni SCP10, imeandikwa kwenye kibati ndani ya boneti), eabegi yako na kloki springi yako vibaki palepale. Wauzaji wanapenda kukuuzia ikiwa imekamilika maana bei inapanda, wewe sema nataka duara tu. Na kama duara lenyewe chuma chake hakijapinda wala kupasuka, huhitaji hata hilo, kuna mafundi wa viti pale Sabasaba wanaishonea ngozi kwa sindano ya mkono, ikivutwa vizuri haisogei hata ukiisokota. Kwa maoni yangu hiyo ndio njia nzuri kuliko zote kwa gari ya bajeti.

Ila sio zile kava za kuvalisha. Wengi wanaamini kava inatibu stelingi iliyobanduka, kumbe inaficha tu, chini mpira unaendelea kunata na kuteleza, kisha siku unakata kona ya haraka kumkwepa mbuzi pale Bahi mkono unazunguka na kava, stelingi imebaki. Ikiwa unaweza kuizungusha kava kwa mikono gari ikiwa imesimama, itoe leo. Na ile dawa ya kung'arisha dashibodi isipakwe kwenye stelingi, inateleza kama mafuta.

"Stelingi ndogo ya spoti inafanya gari iwe nyepesi na ikate kona vizuri"

Vijana wanaipenda hii. Ukweli ni kwamba gari inakata kona kiasi gani kwa mzunguko mmoja inaamuliwa na stelingi raki, ile inayogeuza matairi huko chini, duara ulilolishika halibadilishi chochote. Kinachobadilika ni nguvu unayotumia. Kutoka duara la milimita 370 kwenda la 320 mkono wako unavuta kama asilimia 16 zaidi, kwenye gari yenye pawa stelingi huenda usione sana, ila kwenye Starlet ya zamani isiyo na pawa jaribu kuegesha sokoni ndio utajua. Halafu duara dogo linakukatia spidomita, na barabara ya Morogoro hiyo unaijua ilivyo na vijiji vya spidi 50.

Kama gari yako ilitoka kiwandani na eabegi, ukifunga ya spoti umeiondoa, hakuna lugha nyingine ya kulisema hilo, mimi sishauri kabisa. Kama haikuwahi kuwa nayo, mfano Starlet nyingi za EP82, hapo unaweza kuchagua, ila chukua ya milimita 350 au zaidi, na uangalie matundu ya bolti. Kwa stelingi za spoti, zenye mfumo wa kampuni za Momo, Sparco na OMP zina bolti sita kwenye duara la milimita 70, za Nardi ni milimita 74. Tofauti ni milimita nne tu kwa hiyo fundi asiye makini anatanua matundu kwa drili, na usiruhusu. Kile kipande cha kati kinachoungana na shafti kiwe cha gari yako na kikae bila kucheza hata kidogo.

Kuhusu vitufe vya redio kwa haraka: kuwepo kwa vitufe hakumaanishi vitafanya kazi. Kama gari haikuja navyo, kloki springi yako haina nyaya hizo na redio yako huenda haina pa kuzipokea.

Na stelingi inayotetemeka ukifika 80 au 90 usiibadilishe, utatupa hela. Huo ni mtikisiko wa tairi kukosa balansi, au rimu imepinda, au viungo vya huko chini kwenye matairi, tai rodi endi na boli jointi, vimelegea, stelingi inakuletea habari tu. Iliyokaa upande wakati gari inaenda moja kwa moja nayo ni kesi ya alaimenti kwanza, yaani matairi kunyooshwa yaelekee sawa. Kuna mafundi wanaing'oa na kuisogeza jino moja, lakini meno ni 36, jino moja ni nyuzi 10, mara nyingi utatoka upande wa kulia uende kushoto.

Imebaki ya nyundo. "Haitoki mpaka igongwe." Nati ni boksi namba 19, inalegezwa lakini isitolewe yote, iachwe imeshika nyuzi kadhaa, halafu unaitikisa stelingi kulia kushoto kwa kuivuta, au unatumia pula, kile kifaa cha kuivutia. Shafti nyingi zimetengenezwa zijikunje kwenye ajali ili zisikuchome kifuani, ukiigonga nyundo kichwani unaweza kuharibu hicho kitu na hakuna taa itakayokwambia. Kabla ya kutoa, matairi yawe yamenyooka na upigwe mstari wa rangi kwenye shafti na kwenye stelingi. Kama kloki springi imezunguka, iwekwe kati: zungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ikaze, kisha rudisha kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Ikifungwa bila hivyo siku unakata kona yote utepe unakatika, honi na eabegi vinaondoka pamoja.

Mimi yangu niliimaliza hivi. Jirani Nkuhungu alikuwa na Vitz kama yangu, aliinunua ikiwa imetoka bandarini na hakuwahi kuiuza, ikagongwa nyuma na lori ikawa haifai tena, eabegi haikufumuka. Nikamwomba stelingi kamili na kloki springi, yule kijana wa Kizota akatoa mbele ya macho yangu, akanisomea namba ya lebo nikalinganisha. Duara nikalipeleka Sabasaba likashonewa ngozi nyeusi uzi wa kijivu. Siku hizi nikiegesha naweka boksi la karatasi kwenye kioo cha mbele jua lisipige ndani. Na kila asubuhi nikifungua swichi mwanangu kule siti ya nyuma anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akifika sita taa inazima, ndio napiga stata.